Ndege Imegoma Kutua Mwanga

Kifundo cha kidole gumba kimevimba, na kabla sijakipuliza dereva wa bodaboda kapunguza mwendo mbele yangu na kuuliza, "Mzee, hilo dude bado tu halijaingia?" Akaondoka. Abiria hatafuti, njia haulizi, alitaka kujua tu.

Bado, kijana. Dude lenyewe ni kendama, kichezeo cha mti cha Kijapani, na bado halijaingia.

Na mimi si mtu wa kuulizwa hovyo. Kijiweni nina kiti changu, kile chenye miguu minne kamili. Kikao cha harusi hapa Mwanga, Kigoma, hakifungwi sijatoa neno. Leo heshima yote hiyo imeshikiliwa na kamba ya sentimita 38 hadi 40, huku mpini na huku tufe, kama ndoa ya watu wa hasira: ukimvuta mmoja, mwingine anakuja na lake.

Kendama yenyewe ukiitazama mezani haina makuu. Mpini una ncha juu na kikombe cha wastani kitakoni, halafu kuna kipande cha mti kilichovishwa ubavuni chenye vikombe viwili, kikubwa na kidogo. Tufe lina tundu moja la maana. Mjapani Hamaji Egusa aliisajili kwa umbo hili mwaka 1919 na kuiita mpira wa jua na mwezi, tufe likiwa jua na vile vikombe vya ubavuni vikiwa mwezi mwandamo. Jina zuri. Hakusema jua hilo litatua kwenye kifundo cha kidole.

Kudaka tufe kwenye kikombe kikubwa si kazi, siku mbili unaweza. Kubadilisha kikombe kikubwa na cha kitakoni, kwenda na kurudi huku unahesabu, wiki. Balaa ni hii wanayoiita hikoki, yaani ndege. Hapo mambo yamegeuzwa: unashika tufe, mpini ndio unaruka, na ncha yake inatakiwa ije kutua ndani ya tundu.

Sasa jana umeme ukakatika, na mbalamwezi ndiyo hiyo imejaa. Mtu wa Kigoma nimeshamwambia kila kitu. Mbalamwezi ikijaa dagaa hawafuati taa, wavuvi wanalala nchi kavu, na mvuvi akilala nchi kavu anakuwa mtaalamu wa kila jambo. Kijiwe kilifurika. Nikasema potelea mbali, nikasimama nijaribu.

Nikaanza kama inavyotakiwa. Miguu upana wa mabega, mmoja mbele kidogo. Tufe kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, limeshikwa ubavuni ili vidole visizibe tundu. Tundu linatazama juu, limeinamia mbele kidogo, kule mpini utakakotokea. Kwanza unaacha mpini uning'inie mpaka uache kuzunguka, maana kamba iliyojisokota itauzungusha mpini hewani na ncha itakuja na ubavu. Kisha mkono wa pili unashika kitako cha mpini na kukivuta kuelekea tumboni, kamba ikakaza. Hapo unaachia. Husukumi, unaachia tu.

"Sukuma!" akasema mvuvi wa kwanza.

Nikamwambia ndugu yangu, ukisukuma mpini unaondoka umepinda, na ukishaondoka umepinda hakuna wa kuunyoosha. Unaachiwa uende wenyewe, kama pendulo ya saa ya ukutani.

"Basi vuta. Vuta kama wavu!"

Wavu! Wavu unavutwa kwa mabega, pole pole, kwa wimbo. Hapa mvuto ni mmoja, mfupi, kuja juu na nyuma kidogo upande wako, na una saa yake: mpini umeshapita mbele, umefika mwisho wa bembea, unataka kusita. Hapo ndipo. Ukivuta hivyo kitako kinapanda, ncha inageuka chini, na mpini unabaki unaelea kama umesahau ulikuwa unakwenda wapi. Ukiwahi, unakujia usoni haujapinduka. Ukichelewa, umeshaanza kurudi, unavuta maiti. Ukizidisha nguvu unapitiliza, ncha inatazama Kongo.

Nikavuta kama wavu, ili aridhike. Mpini ukapitiliza, ukanipiga kifundoni, ukamwaga kahawa ya mtu.

"Nguvu ndogo," akasema yule yule.

Bodaboda mmoja akapendekeza niongeze mwendo. Mwingine, wa kando yake, kwamba tatizo ni viatu. Mzee mmoja ambaye tangu magharibi alikuwa hajafungua kinywa akauliza kwa upole kama hicho kitu kinaliwa. Mvuvi wa pili akaona niligeuze tufe nilifuatilie mpini huko huko juu nikauchome. "Usiungoje, ufuate!" Na hili, jamani, ndilo linaloua wanaoanza wote, maana linaonekana lina akili. Unaiona ncha inashuka, roho inakwenda mbio, unapandisha tufe kuilaki. Mti na mti vikikutana kila kimoja na mwendo wake vinagongana, tak! na ncha inaruka nje hata kama ilishagusa mdomo wa tundu. Nilijua hivyo. Nilijua kabisa. Na bado mkono ukapanda wenyewe. Tak.

"Umeona? Ilikaribia!"

Haikukaribia! Imegonga! Kugonga na kukaribia ni vitu viwili! Mara ishirini na tatu nimegonga, nimehesabu, na kila mara kuna mtu anasema ilikaribia! Mnakaribia nini nyie? Hata meli ya Liemba ilizamishwa ziwani mwaka 1916 ikaibuliwa 1924, ikafika mahali ikaelea, mimi mpini wa kiganja kimoja unanishinda, na ushauri unatoka kwa mtu aliyekaa juu ya ndoo!

Kimya. Nikavaa upya kofia yangu, maana ilikuwa imeanguka.

Ndipo muuza kahawa, ambaye hakuna aliyemuuliza, akateleza kidogo na sahani ya vikombe. Kikombe kimoja kikapaa. Yule bwana hakukirukia. Alitelemka nacho, magoti yakikunjika, mkono ukienda chini pamoja na kikombe, na mwisho kikakaa kiganjani kimya, hakijapasuka, na yeye yuko nusu kuchuchumaa. Akasimama akaendelea kugonga vikombe vyake kana kwamba hakuna lililotokea.

Nikamtazama. Miezi miwili watu wananifundisha mkono, na kitu chenyewe kiko magotini.

Maana ndiyo kazi ilivyo: magoti yanakunjwa kidogo kabla ya kuachia, yananyooka wakati wa kuvuta, ili mvuto utoke mwilini na kiwiko, kifundo cha mkono kibaki kigumu. Kisha ncha ikianza kushuka, yanakunjwa tena na tufe linashuka pamoja nayo, polepole kidogo kuliko inavyoshuka ncha, tundu likiwa chini yake. Macho kwenye ncha. Si kwenye tufe. Tufe unalo mkononi, halitaibiwa. Ukifanya hivyo ncha inazama yenyewe, na mlio wake si tak, ni tuk, mzito, kama mlango wa mtu mwenye pesa.

Nikaachia. Nikangoja isite. Nikavuta, nikashuka.

Hapo hapo umeme ukarudi, watu wote wakapiga kelele "eeeh!", nami nikageuza shingo kutazama taa.

Tak.

Na usinishauri nimpe fundi seremala achonge nyingine yenye tundu kubwa. Nilishampa mmoja. Kachonga kwa mninga mzuri wa milango, kapaka vanishi mara tatu mpaka tufe linateleza kama sabuni, na tundu kalitoboa wima, mdomo haukupanuliwa hata kidogo. Mdomo wa tundu unatakiwa uchongwe mshazari kama faneli, ndio unaoiongoza ncha iliyokosea kidogo. Nikamrudishia, akasema mshazari ni bei nyingine. Kila kitu siku hizi ni bei nyingine. Mawese bei nyingine, mgebuka bei nyingine, na dagaa wa wiki hii ndio usiseme, kwa sababu wanaotakiwa kuwavua wako kijiweni wananifundisha ndege.

Nimemuuliza mvuvi wa kwanza giza linarudi lini. Kasema siku tisa. Kisha akaomba kendama ajaribu mara moja tu.

Anavuta kama wavu. Sijamwambia kitu.