Kimeo kiacheni, chemsheni tangawizi

Baridi ya Juni na Julai ikiingia, koo ndilo la kwanza kulalamika. Wengi hukimbilia duka la dawa kununua antibiotiki kama amoksilini bila kupimwa, na mtoto akikohoa mfululizo, utasikia mtu akishauri apelekwe akakatwe kimeo. Napinga yote mawili, na hilo la kimeo nalipinga kwa nguvu zangu zote.

Kimeo hakina kosa. Ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, kinachosaidia kuzuia chakula kisipande puani. Koo likiwaka, nacho huvimba. Ukikikata, kikohozi kinabaki palepale, ila sasa mtoto ana kidonda kinachovuja damu, kilichokatwa kwa kifaa usichojua kimepita kwa nani. Wako waliopata pepopunda, wako waliopungukiwa damu, na wako waliokufa.

Makoo mengi yanayouma huletwa na virusi, ambavyo antibiotiki haziviwezi. Kwa kawaida huisha vyenyewe kwa wiki moja hivi. Kinachotafutwa siku hizo ni nafuu, na nafuu iko jikoni.

Mimi huosha kipande cha tangawizi mbichi, kama dole gumba hivi, nikakiponda kwenye kinu na ganda lake. Nakichemsha kwa vikombe viwili vya maji mpaka mvuke uanze kuwasha pua. Nachuja, nakamulia nusu ndimu, na ikishapoa kiasi cha kunyweka ndipo natia kijiko cha asali. Inywe funda kwa funda, maana asali hutuliza inapopita kooni na kuliacha na utando laini. Iwe asali kweli, kama ile ya Tabora, si sukari iliyochemshwa ikatiwa kwenye chupa. Mwaka 2019 mamlaka za afya Uingereza ziliwaelekeza madaktari wawashauri wagonjwa wa kikohozi kuanza na asali kabla ya kufikiria antibiotiki. Ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilambishwe asali hata ya ncha ya kidole. Inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kupooza misuli.

Chumvi nayo isidharauliwe: nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, sukutua koo, tema. Mtu mzima anaweza pia kutafuna karafuu moja, mafuta yake hutia ganzi.

Hata hivyo, mtoto wa miaka 5 hadi 15 mwenye homa kali, mafindofindo yenye madoa meupe na tezi za shingo zinazouma, tena bila mafua wala kikohozi, tangawizi haimtoshi. Huyo apimwe. Maambukizi ya bakteria aitwaye streptokoka yasipotibiwa yanaweza kuishia kuharibu valvu za moyo. Hapo dawa ni penisilini, na akiandikiwa vidonge vya siku 10, avimeze siku zote 10 hata kama koo limepoa siku ya tatu. Na anayeshindwa kumeza mate au anayepumua kwa shida, apelekwe hospitali usiku huohuo.