Koti Lipo, Mwenye Koti Katoka

Jamani, hivi koti nalo hupandishwa cheo? Maana ukiingia ofisi ya umma hapa Dar saa nne asubuhi, linalokupokea ni koti. Limekaa kitini kwa adabu zote. Mwenyewe "katoka kidogo". Kidogo hiyo ni ya Kariakoo kwenda na kurudi, na foleni juu.

Ukifungua fomu zake, sasa, unakuta mtumishi hodari! OPRAS, yaani mfumo wa fomu wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, ilianza 2004 na utaratibu wake ulikuwa safi: Julai unakubaliana malengo na msimamizi, Desemba mnapitia nusu mwaka, Juni mnafunga hesabu. Alama 1 hadi 5, na 1 ndiyo ya juu. Basi ngoja Juni ikatike. Malengo ya Julai, mapitio ya Desemba na tathmini ya Juni vilikuwa vinajazwa mchana mmoja, kalamu moja, wino uleule. Bosi naye alikuwa anagawa alama ya 2 kama ubwabwa wa shughulini, kila sahani sawa. Ampe mtu 4 halafu wanywe naye chai mwaka mzima?

Ila ugonjwa wenyewe uko kwenye lengo. Mtu anaandika "Kuhudumia wateja kwa ufanisi." Hiyo unaipima kwa rula au kwa kibaba? Mwambie aandike "Kujibu barua 40 kwa mwezi, kila moja ndani ya siku 7 tangu igongwe mhuri wa masijala" uone jasho. Hapo kuna idadi, kuna muda, na ushahidi umo kwenye rejista. Tena rejista ina mdomo: kama barua ililala mezani kwa bosi siku 9 kabla ya kumfikia ofisa, itasema. Ndiyo maana bosi mwenyewe halipendi lengo la hivyo.

Siku hizi fomu hizo zimepisha PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji huohuo. Mtumishi anaingiza majukumu kwenye mfumo, msimamizi anaidhinisha humohumo. Afadhali. Lakini kompyuta hula unachoilisha. Ukiilisha "kuhudhuria vikao", itakuhesabia vikao, na barua ya watu imelala trei ileile.

Sanduku la maoni tusiliongelee. Kufuli lina kutu, na ufunguo anao yuleyule unayemshtaki.

Kwa hiyo ukipeleka barua, beba nakala mbili. Moja igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Ulizia namba ya jalada na ofisa aliyepangiwa, usikubali "iko kwa wahusika", maana wahusika hawana sura. Kisha usome mkataba wa huduma kwa mteja uliobandikwa ukutani, pengine nyuma ya mlango, uone waliahidi siku ngapi. Zikipita, nenda na nakala yako kwa msimamizi, umwonyeshe tarehe. Lile koti liache lipumzike. Limeripoti kazini tangu saa 1:30 kamili.