Picha ya mchoro ina kanuni zake

Kuna makala niliyosoma inayosema anayetaka kuwaonjesha wengine sanaa mtandaoni apige picha ya mchoro kwa simu, aitume, basi. Hapo kwenye "basi" ndipo panapoharibika.

Zima flashi kwanza. Rangi ya mafuta iliyopakwa vanishi hung'aa kama kioo, na flashi huacha doa jeupe katikati. Mwanga utoke pande mbili, kila upande kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, au weka mchoro karibu na dirisha lisilopigwa na jua. Ukitumia dirisha, zima taa za ndani: mwanga wa aina mbili ukichanganyika, upande mmoja huwa wa bluu na mwingine wa njano, na kurekebisha hilo baadaye ni kazi ya kuudhi. Simu iwe sambamba na mchoro, lenzi ikilenga katikati. Usisogee karibu mno pia. Rudi nyuma hatua mbili, vuta picha kidogo, la sivyo kingo zitabinuka.

Kwa WhatsApp, itume kama hati. Ikitumwa kama picha hubanwa, na mikwaruzo ya brashi, ambayo kwangu ndiyo nusu ya utamu, hupotea.

Pamoja na picha, andika msanii, mwaka, aina ya rangi na vipimo, kimo kabla ya upana. Na jamani, kununua mchoro si kununua hakimiliki, yaani haki ya kuunakili na kuusambaza! Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, hulinda mchoro angalau miaka 50 baada ya kifo cha msanii. Katika Umoja wa Ulaya ni 70.