Taa Inayopepesa Saa Nane za Usiku

Chumba changu kiko ghorofani, Mkomani, na rauta iko chini kwa mama. Kati yao kuna ukuta mnene wa matumbawe na chokaa, na waliojenga nyumba hizi za Lamu hawakuwa na habari kwamba siku moja Wi-Fi itatafuta pa kupita. Nikanunua adapta ya USB yenye antena, nikaiweka kwenye kidaka kilicho karibu na ngazi. Mtandao ukatengemaa, usingizi ukaharibika.

Taa yake ya buluu ni ndogo kama punje ya mtama, lakini gizani inanifuata mpaka ndani ya chandarua. Mtoto wa kaka yangu alipolala kwetu aliniuliza, "Ami, hiyo inahesabu nini?"

Inahesabu data. Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, ina triga, yaani kichocheo cha taa, iitwayo phy0tpt, inayoharakisha kupepesa kadiri data inavyozidi. Basi kompyuta ikijisasisha usiku wa manane, chumba kinageuka ukumbi wa harusi. Habari hiyo ina faida gani kwangu?

Kila niliyemlalamikia aliniambia nibandike utepe mweusi. Sipendi. Aliyeandika draiva, programu inayoendesha adapta, ndiye aliyeamua taa ifanye nini, na uamuzi wa mtu hutenguliwa. Fungua folda ya /sys/class/leds, tafuta taa yenye jina la adapta yako, kisha soma faili liitwalo trigger: utaona orodha, na iliyochaguliwa imo ndani ya mabano ya mraba. Mimi niliandika humo phy0assoc. Sasa taa inawaka imetulia nikiwa nimeunganishwa na rauta, na inazima muunganisho ukikatika. Anayetaka giza tupu aandike none.

Kuna kero moja: ukichomoa adapta na kuirudisha, phy0, jina ambalo Linux huipa adapta, huenda ikawa phy1, na mpangilio wako umepotea. Ndipo utakapohitaji kanuni ya udev, sehemu ya Linux inayoshughulikia vifaa vinapochomekwa, ya kuurudisha kila mara.

Draiva za chipu za Realtek zinazowekwa kwa mkono, kama 8812au, zina njia yao. Baadhi ya matoleo yana kigezo rtw_led_ctrl: 0 ni kuzima, 1 kupepesa, 2 kuwaka muda wote. Unaandika mstari mmoja kwenye faili ndani ya /etc/modprobe.d, folda ya mipangilio ya draiva:

options 8812au rtw_led_ctrl=0

Kisha unaipakia draiva upya. Hapo nampa mwandishi wa draiva mkono. Amejua kuna watu wanaolala.

Lakini adapta yangu ya pili, ya bei poa, haikuonyesha taa yoyote kwenye folda ile. Ninavyoona, waya wa taa umefungwa moja kwa moja kwenye umeme wa USB, na draiva haina la kusema. Hiyo nimeibandika utepe, nami nimenuna.

Tena, phy0assoc haijui yanayotokea nje ya rauta. Wiki iliyopita intaneti ilikatika mtaani kwetu, na taa ikaendelea kuwaka kwa utulivu wake. Mama akaita kutoka chini, "Mbona hakufunguki kitu?" Nikamwambia, "Huku juu taa iko sawa, mama."

"Basi iambie hiyo taa inisomee ujumbe wa dada yako."