Mfereji wa Belezoni: njia ya mitumbwi iliyougeuza Mto Tana

Mto Tana, ambao ndio mrefu kuliko yote nchini Kenya, leo unaingia baharini Kipini kwa sababu ya mtaro mwembamba uliochimbwa kwa mikono. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, enzi za Sultani Ahmed wa Witu, usultani mdogo wa pwani karibu na Lamu, maarufu kwa jina la Simba, ulichimbwa Mfereji wa Belezoni ili kuuunganisha Tana na mto mdogo wa Ozi, unaoingia baharini Kipini.

Kwa upande wa usafiri, ni vigumu kuulaumu uamuzi huo. Mlango wa zamani wa Tana, ulioko kusini zaidi katika Ghuba ya Ungwana, ulikuwa na fungu la mchanga na mawimbi makali, na mtumbwi wa Mpokomo uliosheheni mpunga haukuchongwa kwa ajili ya bahari ya namna hiyo. Kupitia Belezoni, shehena iliteremka kwenye maji matulivu hadi mji wa Kau kwenye Mto Ozi. Ushuru wake uligombaniwa na Witu, iliyokuwa chini ya ulinzi wa Wajerumani, na Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, hadi mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 ulipoiweka Witu mikononi mwa Uingereza. Mtaro usio na faida haugombaniwi hivyo.

Hata hivyo, mafuriko yaliupanua mtaro huo hadi mkondo mkuu ukahamia humo, na mlango wa zamani ukaachiwa maji ya chumvi. Walionufaika ni wakulima wa Ozi. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari inapojaa huyarudisha nyuma maji baridi ya mto, nayo hupanda na kuingia katika mashamba ya mpunga kupitia vijitaro, bila pampu wala bwawa. Kilimo hicho kinasimama maadamu mto una nguvu ya kuizuia chumvi.

Nguvu hiyo imepungua. Mabwawa ya umeme, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988, yamebadili mafuriko ya msimu, na mto unapotoboa kingo zake na kushika njia nyingine, chumvi hupanda Ozi na kuua mpunga na miembe. Wapo wanaotaka mkondo uzibuliwe na kingo zijengwe. Wengine hujibu kwamba delta, iliyoingizwa mwaka 2012 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, huishi kwa kuhamahama kwa mto, na kwamba maji yanayokosekana Ozi huenda yanalisha malisho ya wafugaji kwingineko. Hoja ya pili ina uzito, ila inasahau kwamba mkondo wa sasa wenyewe ni kazi ya binadamu, na vijiji vimejengwa juu yake kwa vizazi. Naegemea kuuzibua, kwa sharti kwamba mjadala usiishie Kau, bali ufike kwenye milango ya bwawa la Masinga huko juu mtoni, kwa kuwa mkondo uliochimbwa upya bila maji ya kutosha utaipitisha bahari kwa urahisi zaidi.