Monita ya 4K: Kagua Hezi za Chini Kabla ya Kulipia Nembo

Anayetafuta monita ya 4K ya kuchezea gemu huulizia kwanza hezi za juu, yaani mara nyingi kabisa ambazo monita inaweza kubadilisha picha kwa sekunde: 144, 160, 240. Aanze na za chini, kiwango cha mwisho ambacho usawazishaji wake bado unafanya kazi. Fremu moja ya 4K ina pikseli takriban milioni 8.3, mara nne ya 1080p, na gemu nzito ikiwekwa mipangilio ya juu huchosha kadi nyingi za michoro kabla hata ya kuikaribia 144. Idadi ya fremu kwa sekunde inapanda hadi 75, inashuka hadi 43, inarudi 60. Huko chini ndiko usawazishaji badilifu, yaani monita kufuata mwendo wa fremu za kadi, unakokuokoa au kukutupa mkono.

Monita isiyo nao, ya hezi 60, hubadilisha picha kila milisekunde 16.7, fremu iwe tayari au isiwe. Fremu mpya ikiingia kabla ya ile ya kwanza kumalizika kuchorwa, picha inakatika katikati. Ukiwasha V-Sync, mpangilio unaoilazimisha kadi ingoje zamu ya monita, mkato unatoweka, lakini fremu iliyochelewa hata kidogo tu hungoja zamu nyingine nzima, na mchezo unashtukashtuka. Usawazishaji badilifu unapindua utaratibu: monita ndiyo inayoisubiri kadi.

Sasa gharama. NVIDIA, watengenezaji wa kadi za michoro, walipotangaza G-Sync, usawazishaji badilifu wao, mwaka 2013, walidai kijenzi maalumu ndani ya monita. Kiliwahi kuuzwa peke yake kwa dola 199, ukifunge mwenyewe kwenye monita moja ya ASUS. Mwaka 2014 VESA, chombo kinachoweka viwango vya skrini, ikaweka Adaptive-Sync, usawazishaji badilifu wa wazi, ndani ya kiwango cha kebo cha DisplayPort 1.2a, na FreeSync ya AMD, washindani wa NVIDIA, ikasimama juu ya msingi huo bila kijenzi cha ziada. Mwaka 2018 ASUS PG27UQ, ya 4K na hezi 144, ilitoka kwa dola 1,999 ikiwa na kijenzi cha G-Sync na feni ndani ya kukipoza. (Monita yenye feni! Hilo peke yake lilitosha kumtia mtu shaka.) Kisha Januari 2019 NVIDIA yenyewe ikaruhusu kadi zake, kuanzia kizazi cha GTX 10, zitumie monita za Adaptive-Sync. Kwa maoni yangu, hapo ndipo sababu ya kulipia kijenzi ilipokwisha kwa wanunuzi wengi.

Si kwamba kijenzi hakikuwa na faida. Kilijua kurekebisha ovadraivu, yaani nguvu inayosukuma pikseli zibadilike haraka, kadiri hezi zinavyobadilika. Monita nyingi za bei nafuu zina kiwango kimoja kilichopimwa kwa hezi za juu kabisa. Gemu ikishuka hadi fremu 50, msukumo uleule unazidi na vitu vinavyotembea vinaacha kivuli cheupe nyuma yao. Ukikiona, shusha ovadraivu ngazi moja kwenye menyu ya monita.

Turudi kwenye hezi za chini. Tuseme usawazishaji wa monita unafanya kazi kati ya hezi 48 na 144. Gemu ikishuka hadi fremu 40, kila fremu huonyeshwa mara mbili, monita inakwenda hezi 80, na jicho halihisi kitu. Chukua sasa ya 4K ya kati ya 40 na 60: fremu 38 mara mbili ni 76, haziingii. Usawazishaji unakatika pale pale ulipohitajika zaidi. Kwa hiyo hezi za juu ziwe angalau mara mbili ya za chini, zikizidi hapo ni bora. Kasoro hii haitibiki kwa nembo yoyote iliyobandikwa kwenye boksi.

Kagua na tundu la kebo. DisplayPort 1.4 hupitisha data gigabiti 25.92 kwa sekunde, ilhali 4K ya hezi 144 yenye rangi za biti 8 inataka zaidi ya 28. Bila DSC (mgandamizo wa data ya picha) au tundu la HDMI 2.1, monita italazimika kupunguza hezi au taarifa za rangi.

Ukishainunua, washa usawazishaji kwenye menyu ya monita, kisha kwenye programu ya kadi. Kwa kadi za NVIDIA, washa V-Sync kwenye paneli ya programu ya kadi, izime ndani ya gemu, halafu weka kikomo cha fremu 141 kwa monita ya 144. Bila kikomo, gemu nyepesi hugonga dari, V-Sync ya kawaida inashika usukani na kipanya kinakuwa kizito. Fungua kihesabu cha hezi cha monita: kisipopandashuka pamoja na fremu, kuna hatua uliyoiruka.

Paneli za VA na OLED, aina mbili za skrini, zina tatizo jingine: mwanga kupepesuka, hasa sehemu zenye giza. Mwangaza wa pikseli hubadilika kidogo kadiri inavyokaa muda mrefu bila kuchorwa upya, na gemu inayocheza kati ya fremu 47 na 49 inairusha monita ya hezi 48 hadi 144 kutoka hezi 94 hadi 49 na kurudi. Punguza vivuli na miale ya mwanga kwenye gemu hadi fremu zisishuke chini ya 55, au tumia CRU, programu ya kompyuta ya kubadilisha hezi za monita, kupandisha kiwango cha chini. Kwenye menyu za kupakia, ambako fremu huruka ovyo, mpepeso mdogo utabaki.