Likizo ya Juni: kambi, jembe au usingizi?

Mei ikielekea ukingoni, kundi la WhatsApp la wazazi wa kidato cha nne hugeuka baraza. Shule imetangaza kambi ya masomo: katika wiki nne za likizo, watoto wabaki shuleni tatu, na mzazi achangie mchele, maharage na posho ya walimu. Mama mmoja wa Buhongwa anaandika kwamba mwanawe akae huko hata mpaka Novemba. Baba wa Igombe anamjibu kwamba wa kwake hajalala vizuri tangu Januari, anamtaka nyumbani. Zinafuata sauti za dakika tatu tatu. Mwisho wa yote wengi wanalipa, kwa sababu hakuna anayetaka mwanawe awe yule mmoja aliyekwenda kupumzika.

Mwaka juzi nililipa kwa kijana wangu. Mwaka huu zamu ni ya mpwa wangu, binti wa dada, ninayeishi naye Mkuyuni, hapa Mwanza, na safari hii nimesita.

Tuwatendee haki kwanza wanaotetea kambi, maana hoja zao ni nzito kuliko tunavyopenda kukiri. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba kusahau hukimbia sana siku za mwanzo, kisha hupunguza mwendo. Alibaini pia kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hushinda yale yanayorundikwa siku moja. Sasa hesabu: mtihani wa taifa ni Novemba, na wa utamirifu, yaani wa majaribio, ambao watoto wanauita moko, mara nyingi huja muda mfupi baada ya shule kufunguliwa. Mwezi mzima bila kugusa daftari si jambo dogo.

Halafu kuna nyumbani kwenyewe. Tukisema "mtoto apumzike nyumbani" huwa tunawaza nyumba ipi? Kule Mabatini na Igogo, juu ya mawe, wapo wanaoishi watu saba vyumba viwili, na ndoo ya maji inapandishwa mlima kichwani. Ukienda Magu, Kwimba au Misungwi, Juni ni msimu wa pamba, na mikono ya mwanafunzi imekwishahesabiwa kabla hajashuka kwenye basi. Visiwani Ukerewe kuna dagaa wa kuanika, kugeuza na kuanua. Kwa msichana ongeza vyombo, wadogo na jiko. Kaka yake akirudi likizo anaulizwa habari za masomo. Yeye anaulizwa mboga iko wapi. Mwalimu anayesema "hapa angalau atakaa chini" hadanganyi.

Hoja moja tu ya upande huo siinunui: kwamba kambi ni ya kumalizia topiki. Hayo si marudio, ni vipindi vilivyolala tangu Februari. Mtoto hakuvikopa yeye, kwa nini alipe deni kwa usingizi wake? Wizara ya Elimu imekwishazitaka shule ziache kufundisha wakati wa likizo, na bado tunachangishwa. Januari 2023 Baraza la Mitihani, NECTA, lilitangaza kuacha kutaja shule kumi bora na wanafunzi bora. Wengine tulidhani presha itashuka. Haikushuka, kwa sababu matokeo ya kila shule bado yanaonekana mtandaoni, na sisi wazazi tunajua kujipangia orodha zetu wenyewe.

Upande wa pili unaanzia kitandani. Ratiba ya kambi ya kijana wangu ilikuwa taa kuzimwa saa tano usiku na kengele saa kumi alfajiri. Ni saa tano za usingizi. Madaktari wa usingizi wa Marekani, kupitia chama chao cha American Academy of Sleep Medicine, wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa mwenye miaka 13 hadi 18. Usingizi si muda uliopotea kwa anayesoma, kwani ndani yake ubongo hukaza yale yaliyoingia mchana. Ukiukata nusu unachota maji kwa tenga, hata kama darasa linaonekana limejaa na viongozi wa shule wanafurahi.

Kwa watu wa Ziwa Victoria wala si somo geni. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haivuti kitu, mitumbwi inatulia mwaloni, pale ufukweni inapotia nanga, siku kadhaa, nyavu zinashonwa, watu wanalala. Sijawahi kusikia tajiri wa mtumbwi akiwalazimisha vijana wake kuingia ziwani siku hizo ili tu aonekane ana bidii.

Ila na neno kupumzika tulichunguze. Kijana anayekaa na simu mpaka alfajiri halafu akaamshwa asubuhi hajapumzika kuliko mwenzake wa kambini, amehamisha tu uchovu. Hapo watetezi wa likizo huwa tunanyamaza kidogo.

Ninachoona kimesahaulika katika mabishano yote ni kwamba tunahesabu saa bila kuuliza kinachofanyika ndani yake. Mwaka 2006 Wamarekani wawili, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika tano. Baada ya wiki moja, waliokuwa wamejijaribu kukumbuka bila kutazama ndio waliobaki na mengi zaidi. Nikakumbuka daftari alilorudi nalo kijana wangu: kurasa zimepakwa rangi ya njano mstari kwa mstari, na swali hata moja lililojibiwa halimo. Alipiga msuli wiki tatu kwa kusoma tu. Saa mbili za asubuhi, kitabu kimefungwa, karatasi nyeupe na maswali ya mitihani ya miaka ya nyuma, zingemfaa zaidi ya siku nzima ya namna ile.

Kwa hiyo sitapiga kura ya kufuta kambi. Kwa mtoto ambaye nyumbani hana taa, meza wala ruhusa ya kukaa, na hasa binti, kambi ya wiki mbili yenye usingizi kamili ni msaada wa kweli, na ningependa mchango wetu umlipie yeye ambaye wazazi wake hawawezi. Kwa mwenye nafasi nyumbani, kumbakiza kambini ni kununua utulivu wa mzazi.

Mpwa wangu atakuja nyumbani. Tumekubaliana hivi: saa mbili kila asubuhi, Jumapili hapana, simu inalala sebuleni kuanzia saa tatu usiku. Yeye aliongeza sharti lake, kwamba kaka yake aoshe vyombo. Nilikuwa sijalifikiria. Kijana amenuna, lakini zamu imeshaandikwa na kubandikwa kwenye mlango wa jiko.